Dulari na Foleni ya Kisantali

Kazi yangu ni kutunza simu za watu. Mlangoni mwa ofisi yetu hapa Ranchi kuna kabati la mbao lenye vijumba vidogo, kila kijumba na namba yake, na hakuna mpokea simu anayeruhusiwa kuingia ndani na simu yake mwenyewe. Anaizima mlio, ananikabidhi, naiweka kijumbani, nampa kibati chenye namba. Jioni anarudisha kibati, anachukua simu. Kampuni inasema ni kwa ajili ya siri za wateja. Basi ndani wako watu wengi wanaoongea na simu kutwa nzima, na simu zao wenyewe zimelala kwangu zinatetemeka kama panzi ndani ya kopo. Siruhusiwi kuzipokea. Naziangalia tu.

Kijumba cha pembeni kabisa, karibu na dirisha, kilikuwa cha Dulari Kisku.

Dulari ni Msantali wa upande wa Dumka. Kabla ya kuja kwetu, kila masika alikuwa anakwenda Bengal na mumewe Mangal kupandikiza mpunga kwenye mashamba ya watu, miguu kwenye matope na mgongo umepinda tangu asubuhi. Alikuwa amesoma kwa masista hadi darasa la kumi na huko walimfundisha kompyuta kidogo. Siku moja watu wa kampuni walifika soko la Dumka wakitafuta vijana wanaojua Kisantali na Kihindi. Kampuni inauza madishi ya televisheni, na madishi yalikuwa yameshaingia mpaka vijiji vya ndani, lakini wenye madishi wakipiga simu kulalamika hawakuelewana na wapokeaji. Dulari alifanya mtihani akiwa na matope ya shambani chini ya kucha. Akapata kazi. Wakapanga chumba hapa mjini yeye na mumewe, na binti yao mdogo akaanza shule.

Kila asubuhi ananisalimia, "Johar, Mjomba Jagu." Mimi si mtu wa maneno. Naitikia kwa kichwa. Hakuwahi kuona vibaya.

Kilichonifanya nimpende ni namna alivyokuwa anasimulia mambo ya ndani wakati wa chai. Yeye ndiye aliyenieleza mtambo unavyogawa simu. Mtu akipiga, sauti inamwambia, kwa Kihindi bonyeza moja, kwa Kibangla bonyeza mbili, na kuendelea mpaka Kisantali, ambacho ni saba. Akibonyeza saba, mtambo unatazama ni nani wanaojua Kisantali, halafu kati yao unamtafuta yule aliyekaa bure muda mrefu kuliko wote, unamtupia simu hiyo masikioni. Hakuna kuchagua. Wapokeaji wanauita mtambo huo Mama Mkwe.

"Kwa nini Mama Mkwe?" nilimuuliza.

"Mjomba, wewe umeoa. Mama mkwe akikuona umekaa mikono mitupu atakuacha?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Kwenye laini ya Kisantali walikuwa wanne tu. Wawili walikuwa hapa Ranchi: Dulari na kijana mmoja mcheshi, Singrai Tudu, aliyekuwa anamwita shemeji na kumtania kama desturi yao inavyomruhusu. Wawili wengine walikuwa tawi la Kolkata, na hakuna aliyewahi kuwaona sura. Kwa Mama Mkwe, Ranchi na Kolkata ni chumba kimoja. Mtu wa Dumka anaweza kupiga simu leo akajibiwa hapa, akapiga tena kabla chai haijapoa akajibiwa kule.

Mangal hakupata kazi nzuri mjini. Alibeba matofali, akachoka, na majira ya joto yalipofika akaondoka na wanaume wa kijijini kwao kwenda Ladakh kujenga barabara za milimani. Wengi wa Dumka wanakwenda huko. Wanaondoka theluji inapoyeyuka, wanarudi kabla ya sikukuu ya Sohrai, wakati ng'ombe wanapakwa mafuta pembe. Laini za simu za huku hazifanyi kazi kule, kwa hiyo kundi zima lilinunua simu moja yenye laini ya huko, na kila mtu alikuwa na siku yake. Siku ya Mangal ilikuwa Jumapili.

"Shemeji," Singrai alikuwa akimwambia kila Jumatatu, "kaka bado hajaoa Mladakhi? Nasikia huko mwanamke mmoja anaolewa na ndugu wote. Labda wamemkaribisha awe wa nne."

"Akaribishwe tu. Akikoroma mara moja watamrudisha na nauli juu."

Halafu ikaja mvua ile. Televisheni ya kantini ilionyesha bonde moja la Ladakh, mto umeshuka na matope na mawe makubwa kama mabasi, umechukua mahema ya vibarua wa barabara. Mtangazaji alisema miongoni mwao wamo watu wa Jharkhand, jimbo letu. Dulari alikuwa na sahani ya wali mkononi. Aliiweka chini taratibu, akaja moja kwa moja kwenye kabati langu, akachukua simu yake, akatoka nayo uani. Ile simu ya kundi ikajibu kwamba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Kuanzia hapo ikawa kila mapumziko anakuja.

"Mjomba, imelia?"

"Bado."

"Hata kutetemeka?"

"Hata kutetemeka."

Baadaye tukaacha kuulizana kwa mdomo. Kiti chake kilikuwa upande wa mlango, na mlango wetu ni wa kioo. Akigeuka kunitazama, nainua kiganja. Kiganja maana yake bado. Nilikuwa nimejiwekea kwamba siku simu ile ikitetemeka nitagonga kioo kwa ngumi zote mbili, kanuni ziseme zinavyotaka.

Siku zikaenda. Singrai aliacha utani. Kwenye nyumba waliyopanga, jirani mmoja, mke wa fundi cherehani, alimtazama mkono wa kushoto, pale wanawake wao walioolewa wanapovaa bangili ya chuma, akauliza, "Bado unaivaa?" Dulari alinisimulia hilo huku anaizungusha bangili, anaizungusha.

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia imenibana, haitoki."

Niliiona bangili. Ilikuwa inapwaya. Alikuwa amekonda.

Mtu angeweza kumwambia abaki nyumbani. Lakini abaki nyumbani afanye nini? Ndani ya ofisi angalau masikio yake yalikuwa na kazi. Alisema hivyo mwenyewe: "Mjomba, nikisikiliza shida ya dishi la mtu, muda huo nimepumzika."

Sasa, siku ya mechi ya kriketi. Siku kama hiyo nchi nzima imekaa mbele ya televisheni, na picha ikikwama kidogo tu, watu wanakumbuka kwamba kuna namba ya kupiga. Asubuhi msimamizi, Madam Nivedita Bagchi, alisimama mlangoni kwangu akawahutubia walipokuwa wanapanga foleni kunipa simu.

"Leo sitaki kusikia mtu ana kichwa, mtu ana tumbo, mtu ana shangazi. Anayetaka kwenda choo aende sasa. Ukuta ukiwa mwekundu leo, na mimi nitakuwa mwekundu."

Ukuta anaousema ni ile skrini kubwa ndani, inayoonyesha wateja wangapi wanasubiri kwenye kila lugha. Foleni ikiwa fupi inakuwa kijani, ikirefuka inakuwa njano, ikizidi inakuwa nyekundu, na wakubwa walioko Kolkata na Delhi wanaiona pia. Hata mimi niliyeishia shule ya msingi najifunza kuisoma kupitia kioo.

Mechi ilianza. Njano ikatokea Kihindi, kisha Kibangla. Dulari aligeuka mara moja, nikainua kiganja.

Kilichofuata nimesimuliwa na Singrai, na yeye akisimulia huigiza mpaka kikohozi cha mtu. Alikuwa amemaliza na mteja mmoja wa Godda. Mama Mkwe akamtupia mwingine.

"Karibu kituo cha huduma, mimi ni Singrai, nikusaidie nini?"

Upepo. Upepo mwingi, kama mtu aliyesimama juu ya paa. Halafu sauti ya mwanamume, kwa Kisantali, inakatika na kurudi: "Namtaka Dulari. Dulari Kisku. Hapa ni Ladakh. Habari ya Mangal..."

Singrai aligeuka. Dulari alikuwa viti vitatu kutoka kwake, katikati ya mteja, anaeleza jambo la rimoti. Kijana akafanya jambo ambalo kidole chake kimelizoea: akabonyeza kitufe cha kuhamisha simu. Lakini kwenye ofisi yetu huwezi kumhamishia mtu kwa jina. Ukihamisha, Mama Mkwe anaichukua simu, anairudisha mwisho wa foleni, anaiwekea muziki. Singrai alikumbuka hilo kidole kikiwa kimeshashuka. Simu ya Ladakh ikaenda foleni, muziki ukapigwa kidogo, ikakatika.

Namba ya mpigaji? Wapokeaji hawaonyeshwi. Kwenye skrini yao kuna nyota tu na tarakimu za mwisho mbili. Nayo ni siri ya wateja.

Mimi nilichoona kupitia kioo ni Singrai amesimama, jambo ambalo halifanywi, na hedifoni bado kichwani, waya umenyooka.

"Keti, Tudu!" Madam akasema.

"Madam, mtu amepiga kutoka Ladakh. Anamtaka Dulari. Kasema habari ya Mangal, ikakatika."

"Hapa si posta." Halafu maneno yakamfikia. Akashuka kwenye jukwaa lake. "Habari ya Mangal, au ni Mangal mwenyewe?"

"Sijui, Madam."

Walimngoja Dulari amalize na mteja wake wa rimoti. Alipomaliza Madam mwenyewe akabonyeza kitufe cha kumpumzisha, akamweleza. Dulari hakulia. Alimgeukia Singrai.

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Ya upepo, shemeji."

"Singrai, umekula kwangu mara ngapi? Umekaa na Mangal mkeka mmoja. Sauti yake huijui?"

"Ilikuwa inakatika. Ingeweza kuwa yake. Ingeweza kuwa ya mtu yeyote." Kijana alianza kulia yeye. "Ningekuita tu. Ningekuita badala ya kubonyeza."

"Atapiga tena," Dulari akasema.

"Akipiga tena ataangukia kwa nani?" Madam aliuliza, na alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Kwako, kwa huyu, au kwa wale wawili wa Kolkata. Wale hata hawakujui. Watamwambia hapa tunatengeneza madishi, baba, kata simu."

Mimi nje nilikuwa nimeshafika karibu na kioo mpaka pumzi yangu imekifanya ukungu.

Madam Nivedita ni mwanamke mkali, na watu wanamwogopa, na mimi pia. Lakini nilimwona anaitazama ile skrini ya ukutani, kisha anamtazama Dulari mkononi, kwenye ile bangili. Akaenda mezani kwake, akachukua simu ya ofisi, akapiga Kolkata kwa msimamizi mwenzake anayeitwa Debashish. Aliiweka kwenye spika, Singrai akayasikia yote.

"Kaka Debu, nipe foleni yako ya Kisantali."

"Umesema?"

"Watoe watu wako wawili kwenye Kisantali. Waweke Kihindi. Nataka saba yote ije kwangu."

"Leo? Kwa mechi hii? Nivedita, umekunywa nini asubuhi?"

"Chai yenu ya Kolkata, ndiyo maana. Sikiliza, nitakupa wanne wa Kibangla. Wanne! Najua Kibangla kinakuunguza, naona hapa ukutani."

"Watano."

"Wanne na uache tamaa. Nina msichana mumewe alikuwa kwenye yale matope. Kuna mtu anapiga kutoka huko na hatujui ni nani."

"Sasa si ungeanza na hilo," Debashish akasema. "Nawatoa sasa hivi. Hao wanne ukinipa watatu yatosha."

Basi Madam akabonyeza mambo yake. Wale wawili wa Kolkata wakatoka kwenye Kisantali. Akamtoa na Singrai. Kwenye lugha namba saba, katika nchi nzima, akabaki mtu mmoja.

"Dulari, unaelewa nimefanya nini? Kila Msantali mwenye dishi anakuja kwako. Siwezi kumchagua mmoja. Itabidi uwapokee wote mpaka ufike kwake, na kila mmoja umhudumie, kwa sababu ukiwakatia watarudi kwenye foleni na kumziba. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Sauti isitetemeke."

"Haitatetemeka."

Ilikuwa inatetemeka tayari. Aliweka hedifoni, akanigeukia mara moja. Nikainua kiganja. Halafu hakugeuka tena.

Yaliyopita masikioni mwake alinisimulia mwenyewe baadaye. Wa kwanza alikuwa mzee wa Pakur ambaye picha imepotea na anataka kujua nani amepigwa bao. Dulari alimwomba azime king'amuzi, ahesabu taratibu, awashe. Mzee alihesabu kwa sauti, namba kwa namba, kama anayehesabu mbuzi wake, na Dulari akamngoja. Picha ikarudi. Mzee akataka kumbariki na watoto wake wote. Akambariki kirefu.

Wa pili alikuwa mama aliyesema mtu wa ndani ya televisheni anaongea bila sauti. Sauti ilikuwa imezimwa tu.

Wa tatu alikuwa mjumbe wa kijiji, amekasirika kwa niaba ya kijiji kizima.

"Ninyi watu wa mjini mnakula pesa zetu!"

"Mimi ni wa Dumka, baba."

"Wa Dumka? Binti wa nani?"

"Wa Kisku wa Masanjor. Baba, dishi lenu limeelekea wapi?"

"Limeelekea juu! Dishi linaelekea wapi kwingine?"

Nyuma yake watu walikuwa wanabishana ni nani aliyefunga mbuzi kwenye nguzo ya dishi. Ikagundulika ni mjumbe mwenyewe. Dulari alimwelekeza walirudishe lilipokuwa, na wakati wote huo, kwenye ukuta, foleni ya Kisantali ilikuwa inarefuka. Kijani iliondoka. Njano. Singrai, ambaye sasa alikuwa anawajibu watu wa Kihindi, alisema kila mara Dulari aliposalimia mteja mpya aliona vidole vyake vinashika ukingo wa meza, na sauti ilipokuwa ya mtu mwingine vidole vinalegea, na anasema "ndiyo baba, ndiyo mama" kama kawaida.

Foleni ikawa nyekundu. Simu ya Madam ikalia, wakubwa. Alisema, "Naliona, mheshimiwa. Nalishughulikia," akaweka simu chini, akaigeuzia skrini mgongo.

Halafu upepo.

"Karibu kituo cha huduma, mimi ni Dulari, nikusaidie nini?"

Upepo tu. Kuna mbwa anabweka kwa mbali.

"We Dulari."

Vidole vyake vilishika ukingo wa meza, havikulegea.

"We Dulari, mbona unaongea kama redio?"

Singrai anasema alimwona anafunga macho. Lakini hakushangilia. Alifanya kama wanavyofanyiwa wateja wote kabla ya kuhudumiwa.

"Taja jina lako."

"Jina langu? Umeshalisahau? Mangal."

"Jina la baba yako."

"Lukhiram Hembrom. Dulari, simu hii ni ya mtu."

"Ng'ombe wetu mweupe ana kasoro gani?"

"Pembe moja imeangalia chini. Na anakuchukia wewe. We mwanamke, una nini?"

Hapo ndipo alipolia. Aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, na hedifoni haikumtoka. Watu wa viti vya karibu, wote wakiwa na wateja masikioni, waliendelea kusema "ndiyo bwana, zima, washa" huku machozi yanawatiririka. Mimi nje nilimwona ameinama, na kwa kuwa sikusikia neno, nilijua kwamba Mangal amekufa. Nikaketi kwenye stuli yangu. Kisha nikamwona Singrai amepanda juu ya kiti, anarusha mikono, anacheza ngoma bila ngoma, na Madam hamwambii keti. Nikasimama tena.

Mangal alieleza kwa vipande. Usiku wa mafuriko alikuwa amepanda mpaka hoteli ya chai iliyo juu ya barabara, kukaa karibu na jiko, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma kwa baridi. Hema lilikuwa chini. Barabara ilikatika pande zote mbili na mnara wa simu ulianguka, na mawasiliano yamerudi leo. Kidole cha mguu kimevunjika. Baadhi ya wenzao hawajaonekana. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, na Dulari akalipokea kwa sauti ya chini. Simu ya kundi ilikwenda na maji.

"Na lile blanketi ulilonishonea nalo limekwenda," akasema.

"Blanketi! Unaniambia habari za blanketi?"

"Lilikuwa zuri."

"Mbona hukunipigia kwenye simu yangu?"

"Namba yako ilikuwa ndani ya ile simu. Kichwani haimo. Lakini hapa hotelini kuna dishi la kwenu, na namba yenu imeandikwa hapo kubwa, hata mimi naisoma. Nikasema si ndiyo kazini kwa Dulari? Nipige tu, wataniitia."

Fikiria mtu huyo. Namba inayopigiwa na nchi nzima, yeye akaipiga kama mtu anayeita mkewe uani.

"Na kwa nini ulimwambia Singrai 'habari ya Mangal' kama mleta msiba?"

"Nilitaka kusema habari ya Mangal ni njema. Yule kijana akaniwekea ngoma."

Dulari alicheka huku pua imejaa. Madam alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani mwake, anasikiliza lugha asiyoijua.

"Dulari," Mangal akaendelea, "mwenye hoteli ananivuta shati. Anasema kwa kuwa umepokea, picha yake imeganda tangu ile mvua, na mechi inaendelea."

"Mwambie anisomee namba ya king'amuzi."

Mtoto wa mwenye hoteli akasoma. Dulari akaiandika kwenye kompyuta, machozi yanadondokea vitufe, akatuma ile ishara ya kuamsha picha. "Wazime. Wahesabu taratibu. Wawashe." Baada ya muda zikasikika kelele kule juu mlimani, wanaume wanapiga meza, mtu anaita jina la mchezaji.

Madam akamwinamia. "Swali la mwisho. Usisahau." Kwa sababu kila simu lazima imalizike kwa swali lile, na simu zinarekodiwa.

Dulari akajifuta uso. "Je, kuna lingine naweza kukusaidia?"

"Lipo," Mangal akasema. "Nitajie namba yako polepole, niandike kwenye mkono."

Kumpa mteja namba yako mwenyewe ni kosa la kufukuzwa. Madam Nivedita alitembea mpaka mwisho wa chumba, akaanza kumsuta kijana mmoja ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Dulari akaitaja namba, tarakimu kwa tarakimu, na akamfanya Mangal airudie.

Halafu akapokea simu iliyofuata, maana foleni ilikuwa ndefu na wote walikuwa wamemngoja. Madam aliwarudisha Singrai na wale wa Kolkata kwenye Kisantali. Ukuta ukawa njano, kisha kijani.

Jioni wapokeaji walitoka wakiwa kundi, wanaongea wote kwa pamoja, wananipa vibati na kunyakua simu zao. Singrai alinishika mashavu yote mawili. Dulari alipita katikati yao, akaniambia, "Mjomba, yuko hai," kana kwamba sikujua, akaenda moja kwa moja kwa mama anayekaanga dhuska, maandazi ya mchele, nje ya geti. Alikuwa na njaa ya siku zote zile.

Nilipofunga kabati niliona kijumba cha pembeni bado kina simu. Simu aliyoiulizia asubuhi na jioni, ameisahau.

Niliichukua nikamfuata. Sijui kukimbia vizuri, na sijui kuita watu njiani, lakini niliita, "Dulari! Dulari!" mpaka wauzaji wakageuka. Nilipomfikia alikuwa ameshika dhuska mkono huu na nyingine mkono ule, vidole vyote vina mafuta. Na hapo hapo simu ikatetemeka kiganjani mwangu. Namba ngeni.

"Pokea wewe, Mjomba," akasema na mdomo umejaa. "Hapa ni nje ya geti."

Nikapokea. Upepo, na nyuma yake kelele za mechi.

"Dulari?" mwanamume akauliza.

Mimi na simu hatujuani sana. Nilitafuta la kusema, nikapata lile ninalolisikia kupitia mlango wa kioo kila siku ya Mungu.

"Tafadhali subiri kidogo," nikamwambia. "Nakuunganisha."

Nikamwekea mkewe simu sikioni, nikaishikilia hapo mpaka alipomaliza kula.